Namna ya Kukaa na Mnyamapori Anayekufa

Kuna sehemu ambazo barabara, nyaya za umeme na mashamba vimeingia moja kwa moja kwenye makazi ya wanyama. Mikumi, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inakata hifadhi kwa kilomita zipatazo 50. Tsavo imepitiwa na barabara ya Nairobi–Mombasa na reli. Jozani kule Unguja, kima punju wanavuka lami kila siku kutafuta majani. Diani, mbega wanapigwa na umeme juu ya nyaya. Ukiishi au ukisafiri maeneo kama haya, siku moja utamkuta mnyama aliyeumia vibaya, bado anapumua, na mtaalamu yuko mbali. Wengi wetu hapo tunafanya moja kati ya mawili: kumpita, au kumkimbilia. Nimeandika mwongozo huu zaidi kwa ajili ya anayemkimbilia, kwa sababu tayari ana huruma, na huruma isiyo na maelekezo inaweza kumwongezea mnyama mateso katika dakika zake za mwisho.

Shika hili kabla ya yote. Kwa mnyama wa porini, binadamu ni adui. Mbuzi, ng'ombe na mbwa wametuzoea tangu wakiwa wadogo, mkono wetu wanaujua. Swala aliyevunjika mgongo hajui kwamba umekuja kwa wema. Anachoona ni kiumbe kinachomkazia macho na kumsogelea wakati miguu yake haimtii. Kumfariji, basi, ni kumpunguzia hofu hiyo, na sehemu kubwa ya kazi ni kujiondoa wewe mwenyewe machoni pake bila kumtelekeza. Hatua zote zinazofuata zinatoka kwenye jambo hilo.

Kwanza, usalama wako na wa wenzako

Egesha gari nje ya lami, washa taa za dharura, weka pembetatu za kuakisi mbele na nyuma. Watu hugongwa barabarani wakimshangaa mnyama aliyegongwa. Ukiwa ndani ya hifadhi, usishuke. Harufu ya damu inawaleta fisi na simba, na majani marefu ya kando ya barabara huwezi kuona yanaficha nini. Baki garini, piga simu.

Tembo, nyati, kiboko, simba na chui usiwasogelee hata wakilala kimya kabisa. Twiga aliyeanguka bado ana teke la kuua mtu. Nyani na tumbili wana meno makali, na wenzao wakiwa karibu wanaweza kukuvamia. Popo usimguse kabisa: popo wanaokula matunda hubeba virusi vya Marburg, na ugonjwa huo ulishaua watu Kagera mwaka 2023. Mbweha, fisi, nguchiro au mbwa mwitu anayeyumba, anayetoka udenda au asiyeogopa watu, mchukulie kuwa ana kichaa cha mbwa hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Kwa wanyama wote hawa, msaada wako ni simu na kuwazuia watu wasisogee.

Piga simu mapema, useme mambo yanayosaidia

Usisubiri uone atakuwaje. Ndani ya hifadhi za taifa Tanzania Bara ni TANAPA. Kwenye mapori ya akiba na maeneo ya wazi ni TAWA. Ngorongoro wana mamlaka yao. Vijijini, mtafute afisa wanyamapori wa wilaya au askari wa wanyamapori wa kijiji, na kama huna namba zao, mtendaji wa kijiji atakuwa nazo. Kenya ni KWS, Uganda ni UWA. Zanzibar nenda kwa watu wa Idara ya Misitu, na ukiwa karibu na Jozani, kwenye ofisi ya hifadhi. Kama unapita njia hizi mara kwa mara, ziweke namba hizo kwenye simu leo, kwa sababu porini mtandao ukipatikana hupatikana kwa dakika chache na si wakati wa kuanza kuulizana nani anamjua nani.

Sema aina ya mnyama, mahali, na hali yake, kwa ufupi: “Afande, swala pala jike, amegongwa na gari, miguu ya nyuma haisogei, anapumua, yupo kushoto ukitoka Morogoro, umeshapita Doma.” Tuma picha iliyopigwa kwa mbali na alama ya mahali ulipo. Akiwa ni kakakuona, picha na mahali vitume kwa askari peke yake, usiviweke kwenye kundi lolote la simu. Magamba yake yanatafutwa na wahalifu, na biashara ya kimataifa ya kakakuona wa porini ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, mwaka 2016.

Hakikisha kweli anakufa

Wapo wanaoonekana wanakufa na wala hawafi. Mtoto wa swala aliyejikunja majanini peke yake kwa kawaida amefichwa na mama yake, ambaye atarudi ukishaondoka. Kinda la bundi lililo chini ya mti linaweza kuwa linajifunza kuruka. Ndege aliyegonga kioo cha dirisha anaweza kulala kama mfu kwa nusu saa kisha akaamka. Kasa aliyenaswa kwenye wavu chini ya maji ni wa kuangaliwa zaidi ya wote: anaweza kupoteza fahamu, akalegea, asionekane akipumua, kumbe yu hai na anaweza kuzinduka baada ya saa nyingi. Wavuvi wasimzike haraka wala kumrudisha majini hivyo alivyo. Wamweke kivulini, tumbo chini, sehemu ya nyuma ikiinuliwa kidogo ili maji yatoke mapafuni, ngozi yake ikiwa na unyevu, na wawaite watu wa uhifadhi wa kasa.

Dalili za kifo kilicho karibu unaziona bila kumgusa. Pumzi zinakuwa za kushtuka, kisha zinakatika kwa muda mrefu kabla ya nyingine kuja. Mdomo uko wazi, shingo imenyooka au imepinda kwa nyuma. Macho yako wazi na hayafuati kitu kinachopita. Miguu inapiga yenyewe kama ya anayekimbia usingizini. Akiwa ameumia uti wa mgongo, atajivuta kwa miguu ya mbele tu, na huyu bado ana fahamu zote. Anaweza kuishi saa nyingi akiwa hivyo, kwa hiyo simu yake ndiyo ya haraka zaidi.

Usimchokoe kwa fimbo kupima kama yu hai. Na usiupokee ukimya wake kuwa utulivu. Wanyama wanaowindwa wameumbwa kuficha maumivu, maana anayelia ndiye anayeonekana dhaifu. Swala au sungura akishindwa kukimbia hufika mahali anaganda kabisa, na watu wakiona hivyo husema, “Ameshatuamini.” Hajakuamini. Ameogopa kupita kiwango cha kuweza kusogea.

Kumpunguzia hofu

Anza na watu. Ajali ya mnyama inakusanya umati haraka: abiria wa basi, vijana wa bodaboda, watoto, mwenye simu anayetaka kupiga picha akiwa amemshika pembe. Waombe warudi nyuma, hatua thelathini au zaidi, na waongee kwa sauti ya chini. Ongea nao kwa heshima. “Wazee wangu, ndugu zangu, tumpe nafasi, anaogopa” inafanya kazi kuliko kufoka. Zima injini na muziki. Mbwa afungwe au aondolewe kabisa, kwa maana harufu yake peke yake inatosha kumtesa mnyama. Usiku, usimmulike machoni. Kama lazima upate mwanga, elekeza tochi chini, mbali naye.

Kisha tafuta upepo. Kaa upande ambao upepo unatoka kwake kuja kwako, ili asikunuse. Kaa chini, maana binadamu aliyesimama wima ni kitu kikubwa cha kuogopesha. Mgeuzie ubavu, na umtazame kwa kuibia tu, usimkazie macho.

Jua la saa saba linaua hata ambaye majeraha yasingemuua. Lakini badala ya kumburuta kwenda kivulini, mletee kivuli. Vijiti viwili na kitenge, au tawi lenye majani, lililochomekwa upande wa jua kwa mbali kiasi kwamba halimgusi. Lifanye mara moja, polepole, kisha uondoke. Akianza kuhangaika ulipokaribia, acha, rudi nyuma. Kivuli hakina maana kama amekipata kwa kujivunja zaidi.

Sasa maji. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa nia njema kabisa. Waislamu tumelelewa na kisa cha mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Ni kisa cha kweli kwetu na kinatufunza. Ila mbwa yule alikuwa na uwezo wa kumeza. Mnyama aliye katika mshtuko wa majeraha, au asiye na fahamu kamili, hawezi kumeza sawasawa. Ukimmiminia maji mdomoni yanaingia mapafuni, na sasa anakufa kwa kuzama nchi kavu. Daktari wa wanyama akitaka kumpa maji huyapitisha kwenye mshipa au chini ya ngozi. Maziwa, uji, sukari, vyote vivyo hivyo, usimpe. Na usimpe dawa za maumivu za watu. Panado ambayo sisi tunaimeza bila kufikiri inaua paka, na jamii yote ya paka hatuna sababu ya kuijaribia.

Usimpapase. Najua ni vigumu. Mkono unakwenda wenyewe. Lakini kila mguso kwake ni kukamatwa. Madaktari wa wanyamapori wanaihofia sana hali inayowapata swala na jamaa zao wanapokamatwa au kufukuzwa kwa nguvu: misuli inajiharibu kwa hofu na kupambana, joto la mwili linapanda, sumu ya misuli inaingia kwenye damu na kuziba figo, na mnyama anakufa saa au siku chache baadaye hata kama hakuwa na jeraha. Ndiyo maana wataalamu wakimshika mnyama wanamfunika macho, wanafanya kazi haraka, na hawasemezani isipokuwa panapobidi. Sauti yako ya kubembeleza, ambayo mtoto wako inamlaza, yeye inamwambia tu kwamba adui bado yupo. Kama unataka kuomba dua, iombe moyoni.

Kuna hali moja ambapo kumfunika macho kunasaidia hata kwa asiye mtaalamu: mnyama mdogo asiye na pembe wala meno ya kuogopesha, mfano sungura au digidigi jike, ambaye hawezi kuinuka, na pale alipo hapana namna ya kumwondolea vurugu, tuseme katikati ya stendi. Rusha kitambaa chepesi kifunike macho na kuacha pua wazi. Mara moja tu. Kikianguka, usirudie.

Ndege wana utaratibu wao, kwa sababu wao unaweza kuwahamisha. Tafuta boksi la katoni, litoboe matundu, tandika kitambaa kisicho na nyuzi za kunasa kucha. Mfunike ndege kwa kitambaa kingine, mwinue akiwa ndani yake, mabawa yakiwa yamekunjwa mwilini. Usimbane kifua. Ndege hana kiwambo cha kumsaidia kupumua kama sisi. Hupumua kwa kufungua na kufunga kifua chote, na ukikibana hata kwa upole anakosa hewa mkononi mwako. Mweke kwenye boksi, lifunge, liweke mahali pa giza na kimya, na usichungulie kila baada ya dakika mbili. Aliyekuwa amezirai tu atasikika akipiga mabawa baada ya saa moja au mbili. Anayekufa atakufa gizani, na giza ndilo jambo la upole kuliko yote unaloweza kumpa ndege.

Neno moja kuhusu bundi. Kwetu wengi wanaamini akilia juu ya paa ameleta msiba, na bundi aliyevunjika bawa hupigwa mawe badala ya kusaidiwa. Bundi amekuja kufuata panya. Mwekee boksi kama ndege mwingine, ila kwa taulo nene, maana kucha zake zinatoboa kiganja.

Kukaa naye

Mtu anapokuwa katika sakarati, sisi tunajua la kufanya. Tunamlakinia shahada kwa sauti ya chini sikioni. Tunalowanisha midomo yake kwa pamba. Tunamwelekeza kibla, mtu anasoma Yasini. Wakristo wanamwita padre au mchungaji, wanaimba nyimbo alizozipenda. Mtoto wa mwisho anashika mkono na hauachii. Mambo yote hayo yanamwambia mgonjwa kwamba hayuko peke yake, na nyumba nzima inapumua pamoja naye.

Sasa tazama tulichokikataza hapo juu: sauti, maji, kumgeuza, kumshika. Karibu kila tendo tulilofundishwa kumfanyia anayekufa, kwa mnyamapori ni kosa. Hii ndiyo sababu watu wenye huruma hujisikia vibaya sana mbele ya mnyama anayekufa, na kwa maoni yangu si huzuni peke yake inayowaumiza. Mikono yao imenyang'anywa kazi. Wanabaki na kuona tu.

Lakini kazi ipo, nayo ni ulinzi. Unakaa pale ili asije mwenye panga kumkata paja angali hai. Unakaa ili kunguru wasimdonoe macho, kwa maana wao hawangoji roho itoke. Unakaa ili lori linalofuata likuone na kupunguza mwendo. Unakaa ili mtoto mwenye jiwe akute mtu mzima. Mnyama mwenyewe hatajua kwamba ulikuwepo, na ukifanya vizuri zaidi, ndivyo atakavyozidi kutojua. Sijui tendo jingine la huruma lililo tupu namna hiyo, lisilo na shukrani wala macho ya kukutazama kwa mapenzi dakika ya mwisho. Ninaamini linatosha hivyo lilivyo.

Utajiuliza kama anaumia. David Livingstone, huyu ambaye Ujiji na Tabora zinamkumbuka, aliwahi kukamatwa na simba huko Mabotsa, kusini mwa Afrika, mwaka 1844. Simba alimtafuna bega na kumtikisa. Baadaye alieleza kwamba mtikiso ule ulimtia kwenye hali kama ya ndoto, asisikie maumivu wala woga, ingawa alijua kila kilichokuwa kikitokea. Watu walioumia vibaya katika ajali husimulia mambo yanayofanana na hayo: mwili uliopata pigo kubwa una namna ya kufunga milango ya maumivu kwa muda. Kwa hiyo dakika za kwanza huenda si mbaya kama zinavyoonekana kwako unayetazama. Hali hiyo haidumu, na ndiyo maana anayebaki hai kwa saa nyingi anahitaji mtaalamu na si matumaini yetu.

Usishangae ukilia, wala usishangae ukigundua kwamba unayemlilia ni mtu mwingine kabisa. Wengi wetu hatukuwahi kufika kwa wazazi wetu. Simu ilikuja usiku, basi la asubuhi likachelewa, tukakuta ameshaoshwa. Mbele ya swala anayehema kando ya barabara, deni hilo linarudi. Liache lirudi. Kaa nalo pale pale; ukimya ambao mnyama anauhitaji unakufaa na wewe pia. Ila usimfanye yeye awe mzazi wako, usimsogelee ili umpe mkono ambao hukumpa mama. Yeye ana kifo chake.

Kama huwezi kuendelea kukaa, ondoka. Mwombe mwingine ashike zamu. Hakuna anayelazimika kutazama hadi mwisho.

Wakati mwingine wanaostahili kukaa karibu si wewe. Kundi la tumbili, nyani au kima likizunguka juu ya miti, rudi nyuma zaidi ili liweze kushuka. Wanajuana kwa undani kuliko tunavyodhani. Gombe, mkoani Kigoma, mtafiti wa sokwe Jane Goodall na wenzake walimkuta sokwe mzee Flo amekufa kijitoni mwaka 1972. Mwanawe Flint, aliyekuwa na miaka minane hivi, aliacha kula, akajitenga, na baada ya wiki chache akafa karibu na mahali alipofia mama yake. Tembo hugusa mifupa ya tembo wenzao kwa mkonga na nyayo. Wanachokifikiria ni chao. Wewe wape nafasi.

Suala la kummaliza

Kuna saa utasikia moyoni, au utaambiwa na wazee walio pembeni, kwamba huruma ni kumchinja. Wanachosema kina ukweli: kufupisha mateso yasiyo na tiba ni wema, na madaktari wa wanyama hufanya hivyo kila siku. Ila kwa mnyamapori, mwenye mamlaka hayo si wewe. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wao. Kumuua bila kibali ni kosa, na nyama yake mkononi mwako ni nyara ya serikali, hata kama ulimkuta amekwishagongwa. Watu wamefungwa kwa paja la swala. Kenya nako, sheria ya mwaka 2013 haina upole kwa anayekutwa na nyama ya porini.

Ukiachilia sheria, asiye na ujuzi hukosea. Pigo la kwanza halitoshi, mnyama anainuka, watu wanamkimbiza, na kile kilichoanza kama huruma kinakuwa jambo ambalo hutalisahau. Askari ana bunduki na anajua pa kulenga. Daktari ana sindano. Kazi yako ni kuwasukuma wafike: piga tena simu, sema wazi kwamba mnyama ana fahamu na hawezi kupona, uliza nani mwingine yuko karibu. Omba maelekezo ya simu, na uyafuate.

Wakifika na kuamua kummaliza, wapishe, waondoe watoto. Ukitaka kubaki, kaa nyuma ya mwenye bunduki.

Roho inapotoka

Kabla ya mwisho zinakuja pumzi chache kubwa za kukoroma, mbali mbali. Zinatisha kuzisikia, lakini kwa kawaida fahamu huwa zimekwishaondoka na mwili unafanya wenyewe. Baada ya hapo misuli inaweza kutetemeka, na mkojo kutoka. Macho hubaki wazi.

Ngoja. Hesabu dakika kumi bila pumzi hata moja, kifua na ubavu vikiwa vimetulia kabisa. Kuthibitisha zaidi, kama ni mnyama mdogo asiye wa hatari, gusa kona ya jicho kwa ncha ya jani refu: aliye hai hupepesa. Mwili kukakamaa huja baadaye, na joto la kwetu huharakisha. Kwa mkubwa, mwachie askari athibitishe.

Mtazame vizuri kabla ya kuondoka. Tumbili, kima na komba hubeba watoto, na mtoto mdogo anaweza kuwa bado ameng'ang'ania manyoya ya tumbo la mama aliyekufa. Usimng'oe. Mwambie askari au watu wa uokoaji, na uwalinde wote wawili mpaka wafike.

Mzoga na mikono yako

Usiupasue mzoga, usiuchune, usiubebe. Kama damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au sehemu ya haja, na hakukuwa na ajali, hiyo inaweza kuwa kimeta. Usiguse chochote, zuia mifugo, na uwaite watu wa mifugo siku hiyo hiyo. Vimelea vyake hukaa kwenye udongo miaka na miaka. Mnyama aliyetupa mimba anaweza kuwa na homa ya Bonde la Ufa.

Kama uligusa chochote, osha kwa sabuni na maji mengi. Ukiumwa, ukakwaruzwa, au mate yakaingia kwenye kidonda, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano nzima kisha nenda hospitali leo leo ukaanze chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huo zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Chanjo ikiwahi, inazuia.

Mzoga uliobaki katikati ya lami huua wengine, kwa maana tai na fisi wanaoufuata hugongwa wao. Askari wakikuruhusu, usogezwe mbali na barabara kwa kamba au koleo. Porini, usiwe na haraka ya kuzika. Tai wamepungua sana Afrika Mashariki kwa sababu ya mizoga inayotiwa sumu, na mzoga safi ni chakula chao. Ndege wa bustanini unaweza kumzika, kina cha mkono mmoja ili mbwa wasimfukue.

Watoto wakiuliza

Waambie amekufa. Usiseme amelala, kwa sababu usiku huo utawalaza na wao, na wataogopa kulala. Waambie mwili wake umeacha kufanya kazi, haumii tena, na hatarudi. Akiuliza kama na bibi atakufa, jibu ni ndiyo, siku moja, na kwamba ikifika tutakaa naye. Mtoto akitaka kuweka ua au jiwe, mwache aweke, mbali na mzoga. Asipotaka kuangalia, usimshike kichwa.

Andika mahali

Kabla ya kulala, andika tarehe, saa, aina ya mnyama na mahali kamili. Wanyama hawavuki popote. Wana njia zao, na ajali hurudi kwenye kona zile zile. Jozani, barabara ilipotiwa lami na magari kuongeza mwendo, kima punju, ambao duniani kote wanapatikana Zanzibar tu, waligongwa kwa wingi mpaka yakawekwa matuta manne kwenye kipande kile. Vifo havikwisha, lakini vilipungua sana. Anzisheni daftari la kijiji au la kituo cha bodaboda, kila atakayemkuta mnyama aandike humo. Mahali pamoja pakijirudia, mwenyekiti wa kijiji aandike barua, aambatanishe nakala ya kurasa hizo, apeleke TANROADS ikiwa ni barabara kuu au TARURA ikiwa ni ya wilaya, na nakala nyingine kwa afisa wanyamapori. Muombe matuta, na kibao kabla ya matuta, maana dereva wa usiku anahitaji kuonywa mapema.